Japani ya leo isomwe kwa historia au kwa utafiti wa jamii? Jibu kwa msomaji wa Morogoro

Swali: Nimemaliza shahada ya kwanza ya historia na ninataka kuendelea na uzamili nikichunguza jamii ya Japani ya leo. Kila ninayemweleza ananiambia kwamba Wajapani wameendelea kwa sababu ya utamaduni wao wa nidhamu na utii, hivyo sioni mimi nitaongeza nini. Je, nijikite katika historia au katika utafiti wa jamii? Niisome Japani peke yake au pamoja na Korea na China? Na je, mtu aliyeko Morogoro ambaye hajui Kijapani anaweza kuianza kazi hii?

Jibu:

Ndugu msomaji, hongera kwa kuhitimu. Nitaanza na hilo unaloambiwa na watu, kwa sababu usipolivuka mapema utamaliza uzamili wako ukikusanya ushahidi wa jambo uliloliamini kabla hujaanza. Kusema kwamba Wajapani wameendelea kwa sababu ya utamaduni wa nidhamu ni kuzunguka palepale: ukiuliza kwa nini wana nidhamu, utajibiwa kuwa ndio utamaduni wao, na ukiuliza utamaduni huo unaonekana wapi, utaonyeshwa nidhamu yao. Isitoshe, wapo wageni walioishi nao kabla ya mageuzi ya Meiji ya mwaka 1868, yaliyoiundia Japani serikali ya kisasa, ambao hawakuiona nidhamu hiyo. Willem van Kattendijke, ofisa wa jeshi la majini la Uholanzi aliyefundisha mabaharia huko Nagasaki mwishoni mwa miaka ya 1850, aliacha kumbukumbu akilalamika kwamba wenyeji wake hawakujali muda. Shule za lazima, kambi za jeshi na zamu za viwandani zilikuja baadaye, na kila kimojawapo kina tarehe yake, sheria yake, bajeti yake na watu waliokipinga. Hivyo ndivyo vitu vinavyochunguzika.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba uchague jambo moja dogo lililoacha karatasi nyingi, ulifuate kwa miaka mia moja na hamsini, kisha ulifuate hadi nchi jirani. Mimi huwapendekezea wanafunzi daftari la usajili wa kaya, ambalo Wajapani huliita koseki, na nitalitumia hapa kuyajibu maswali yako yote, kwa sababu linaonyesha vizuri kuliko kitu kingine ninachokijua jinsi historia na utafiti wa jamii zinavyohitajiana.

Sheria ya daftari hilo ilitungwa mwaka 1871 na usajili wa kwanza wa nchi nzima ukafanyika mwaka uliofuata. Kabla ya hapo kulikuwa na orodha za vijiji ambazo zilithibitisha, kwa muhuri wa hekalu la Kibudha, kwamba kila mkazi si Mkristo, kwa kuwa Ukristo ulikuwa umepigwa marufuku. Orodha hizo za tangu karne ya 17 ndizo zilizomwezesha Hayami Akira, mwanahistoria wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Keio, kuhesabu vizazi, vifo na ndoa za wakulima ambao hawakuacha hata barua moja. Serikali ya Meiji ilikuwa na shida nyingine: ilihitaji askari, walipa kodi na wanafunzi, na ilitaka kumfikia kila mmoja wao kupitia kaya yake.

Chukua ukurasa mmoja wa daftari la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia uutazame kwa utulivu. Unasomwa kutoka kulia, na mwanzoni pameandikwa mahali kaya iliposajiliwa, ambapo si lazima pawe mahali watu wanapoishi. Anafuata mkuu wa kaya, kisha watu wengine wote, kila mmoja kwa uhusiano wake na mkuu huyo: mama yake, mkewe, mtoto wake wa kwanza wa kiume, mdogo wake, mke wa mdogo wake, mpwa wake. Hakuna anayesimama kwa nafsi yake. Binti akiolewa, jina lake linakatwa kwa mistari miwili inayopishana, na maelezo yanaongezwa kuhusu tarehe aliyoondoka na kaya iliyompokea. Mtoto wa nje ya ndoa anaandikwa kwa namna inayomtofautisha na wenzake. Karani aliyeujaza ukurasa huo alikuwa akitimiza kazi ya siku, lakini wewe unaona nani alikuwa na kauli juu ya nani, nani angerithi, na nani angehitaji ruhusa ya nani ili aoe.

Sasa tuiulize karatasi hiyo swali moja tu, la jina la ukoo. Japani ya leo inawataka mume na mke wawe na jina moja la ukoo kisheria, na katika takriban asilimia 95 ya ndoa jina linaloachwa ni la mke. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema mwaka 2015, na tena mwaka 2021, kwamba sharti hilo halivunji katiba. Wanaolitetea huliita desturi ya kale, na msomaji wa mbali huweza kuwaamini. Lakini watu wa kawaida nchini humo walilazimishwa kuwa na majina ya ukoo mwaka 1875 tu, na mwaka 1876 serikali hiyohiyo iliagiza kwamba mwanamke aliyeolewa aendelee kutumia jina la nyumba aliyozaliwa. Jina la pamoja lilikuja na Sheria ya Kiraia ya mwaka 1898, iliyomwingiza mke katika nyumba ya mume. Wajapani wenyewe wanaigombania desturi hii mahakamani na bungeni hadi leo, na umri wake ni mdogo kuliko wa reli ya kwanza ya Tokyo.

Talaka nazo ni hivyohivyo. Mwaka 1883 Japani ilikuwa na talaka zaidi ya 3 kwa kila watu 1,000, kiwango kikubwa kuliko kile cha juu kabisa kilichofikiwa baada ya vita, yaani 2.30 mwaka 2002. Kiwango hicho cha zamani kilishuka ghafla baada ya sheria ya 1898 kubadilisha taratibu za ndoa. Kwa hiyo familia tulivu ya Kijapani ambayo wataalamu wa katikati ya karne ya 20 waliikuta na kuielezea kama urithi wa mababu ilikuwa, kwa sehemu kubwa, matokeo ya sheria ambayo bibi zao waliiona ikiingia.

Hapa ndipo utafiti wa uwandani unapotusahihisha sisi wanahistoria, kwa maana sheria huandika inavyotaka watu waishi, si wanavyoishi. Mwaka 1935 John Embree wa Chuo Kikuu cha Chicago alikwenda kuishi Suye, kijiji cha wakulima wa mpunga katika mkoa wa Kumamoto, kisiwani Kyushu, akiwa na mkewe Ella. Embree alitegemea mkalimani. Mkewe alizungumza Kijapani vizuri. Kitabu cha Embree kilichotoka mwaka 1939 kinaeleza koo, ushirikiano wa kazi na sherehe, nacho bado kinafaa kusomwa. Shajara za Ella zilikaa kwa miongo kadhaa hadi Robert J. Smith aliposhirikiana naye kuzitoa kama kitabu mwaka 1982, na humo wanaonekana wanawake wanaokunywa pombe ya mchele, wanaotaniana kwa maneno ambayo nisingeyaandika hapa, walioachika na kuolewa tena, na wengine ambao ndoa zao hazikupelekwa kwenye daftari hadi mtoto alipozaliwa. Kijiji ni kilekile na mwaka ni uleule. Aliyekuwa na lugha, na aliyeweza kukaa jikoni na wanawake, alisikia mambo ambayo mwenzake hakuyasikia. Linganisha hayo na kazi ya Ruth Benedict ya mwaka 1946, iliyoandikwa wakati wa vita na baada yake bila mwandishi kukanyaga Japani, na ambayo ndiyo chimbuko la mengi yanayosemwa mitaani kuhusu aibu, wajibu na utii wa Wajapani. Benedict alikuwa mwanazuoni mahiri, nawe utalazimika kumsoma. Ila msome kama ushahidi wa jinsi Wamarekani walivyomtazama adui wao.

Umeuliza kama uisome Japani peke yake. Hapana, na sababu si ujirani wa ramani tu. Kati ya 1895 na 1945 Japani ilikuwa dola la kikoloni, na daftari la kaya lilisafiri pamoja na polisi wake. Taiwan ilihesabiwa watu wake kwa sensa ya kisasa mwaka 1905, miaka 15 kabla ya sensa ya kwanza ya Japani yenyewe, na polisi ndio waliotunza kumbukumbu za kaya hadi mitaani. Msomaji wa Kenya anayekijua kisa cha kipande, yaani kitambulisho ambacho mkoloni alimlazimisha Mwafrika kutembea nacho, hatashangaa kusikia kwamba watawaliwa huandikwa mapema na kwa ukamilifu kuliko watawala.

Korea ndiyo yenye kisa kizito zaidi, nami ningekushauri uipe nusu ya nguvu zako. Sheria ya usajili iliingia mwaka 1909, mwaka mmoja kabla ya nchi hiyo kutwaliwa rasmi, na kanuni za mwaka 1922 zikalisogeza daftari la Korea karibu zaidi na lile la Japani, likiwa na mkuu wa kaya mmoja na watu wake chini yake. Lakini ukoo wa Kikorea haukuwa nyumba ya Kijapani. Kwa Wakorea, jina la ukoo lilitoka kwa baba na halikubadilika maisha yote; mwanamke aliyeolewa alibaki na lake; mtu asiye na mtoto wa kiume alimwasili mtoto wa damu ya ukoo wake; na watu wa jina moja wenye asili moja walikatazwa kuoana. Kwa Wajapani, nyumba ilikuwa kitu kinachoendelea, na mtu asiye na mtoto wa kiume aliweza kumchukua mkwewe, akampa jina na urithi. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni iliamuru kila kaya ya Korea iwe na jina la nyumba kwa mtindo wa Kijapani, na ndani ya miezi sita takriban asilimia 80 ya kaya zikawa zimesajili jina jipya. Bila kuujua muundo wa ukoo, agizo hilo litaonekana kama usumbufu wa kubadilisha vitambulisho. Ukiujua, unaelewa kwa nini wazee walilihesabu kama kukatwa na mababu.

Na hapa ndipo wengi huishia, kwa kuwa hadithi ya mkoloni na mkoloniwa inaonekana imekamilika. Endelea mbele. Mwaka 1946, chini ya utawala wa kijeshi wa Marekani, majina ya Kikorea yalirudishwa. Daftari halikuondoka. Korea Kusini huru ililihifadhi, pamoja na nafasi ya mkuu wa kaya iliyorithiwa na wanaume kwanza, hata mjane akawa chini ya mtoto wake wa kiume. Wahafidhina waliitetea kama mila halisi ya Kikorea, na vyama vya wanawake vikajibu kwa nyaraka kwamba sehemu yake kubwa ilipandikizwa na wakoloni. Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2005 kwamba mfumo huo haupatani na katiba, na kuanzia tarehe 1 Januari 2008 kila Mkorea Kusini ana kumbukumbu yake binafsi. Japani, iliyokuwa chanzo cha mfumo huo, bado inasajili kwa kaya, ingawa mamlaka ya mkuu wa kaya yalifutwa mwaka 1947. Ungemweleza haya mtu anayeamini kuwa nchi za Asia Mashariki zinaongozwa na Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, kutoka kaburini, angepata taabu kueleza kwa nini nchi iliyojiita mwanafunzi bora wa Confucius ndiyo iliyolifuta daftari kwanza.

China ipitie kwa haraka zaidi katika hatua hii. Mfumo wake wa usajili wa kaya, uliowekewa sheria mwaka 1958, una lengo tofauti, kwani ulijengwa hasa kuzuia watu wa vijijini kuhamia mijini na kugawa haki za chakula, makazi na shule. Ni mada pana inayojitegemea. Itumie kwa kulinganisha, usiiingize katika tasnifu ya uzamili.

Nirudi Japani, maana sijagusa jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha jibu hili. Mwaka 1945 kulikuwa na Wakorea wapatao milioni 2 nchini Japani, na takriban 600,000 walibaki baada ya vita. Kisheria walikuwa raia wa dola la Japani, lakini daftari zao zilikuwa Korea, na hawakuruhusiwa kuzihamishia Japani hata kama wameishi Osaka miaka ishirini. Wanaume miongoni mwao waliokaa Japani walikuwa na kura tangu sheria ya mwaka 1925, na mwaka 1932 Mkorea mmoja, Pak Chun-geum, alichaguliwa kuwa mbunge wa Tokyo. Tarehe 17 Desemba 1945 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa na kuwapa wanawake wa Japani haki ya kupiga kura, jambo linalosherehekewa katika kila kitabu cha shule. Mwishoni mwa sheria hiyohiyo palikuwa na kifungu cha ziada kilichosema kwamba wasiohusika na Sheria ya Daftari la Kaya wanasimamishiwa kura. Neno Korea halimo wala neno Taiwan, na halikuhitajika. Tarehe 28 Aprili 1952, Mkataba wa San Francisco ulipoanza kutumika, mstari uleule wa daftari ulitumika kuwavua uraia wa Japani, wakiwemo wanawake wa Kijapani ambao, kwa kuolewa na Wakorea, walikuwa wamehamishiwa katika daftari za waume zao.

Sasa vuka uingie kwenye takwimu za wanasosholojia. Japani ina utafiti maarufu wa matabaka na uhamaji wa kijamii unaofanywa kila baada ya miaka 10 tangu 1955, na karibu kila unachokisoma kuhusu nchi ya tabaka la kati kimepita hapo. Ni kazi ya kiwango cha juu sana. Lakini tangu 1955 hadi 1975 ulihoji wanaume pekee. Wanawake waliingia mwaka 1985. Na sampuli za tafiti kama hizo zimekuwa zikichaguliwa kutoka orodha za wapiga kura au orodha za wakazi, ambazo zinawafuata raia. Wageni waliingizwa katika mfumo wa orodha ya wakazi Julai 2012 tu. Mkorea aliyezaliwa Osaka, akasoma Osaka na kufungua duka Osaka, hakuwa na nafasi ya kuchaguliwa katika sampuli hata kwa bahati. Ukiona, basi, jedwali linaloonyesha jamii inayofanana kwa elimu, lugha na mtazamo, inakubidi ukumbuke kwamba sehemu ya mfanano huo ilitengenezwa na orodha kabla dodoso halijachapwa. Mwanahistoria ndiye anayeweza kusema nani hayumo katika jedwali na tangu lini. Mwanasosholojia ndiye anayeweza kusema kutokuwamo kwake kunabadilisha matokeo kwa kiasi gani. Ndiyo maana swali lako la kuchagua historia au utafiti wa jamii silikubali kama lilivyo.

Kazi hii ina matunda kwa mambo ya leo pia. Mwaka 2023 wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulikuwa 1.20 Japani na 0.72 Korea Kusini, na serikali zote mbili zimetumia fedha nyingi kwa posho za watoto. Wachumi huzungumzia gharama za nyumba na saa ndefu za kazi, nao wana hoja. Lakini ni takriban asilimia 2 tu ya watoto wa Japani wanaozaliwa nje ya ndoa, jambo linalomaanisha kwamba ndoa zikipungua, watoto hawana njia nyingine ya kuja. Hadi Mahakama ya Juu ilipoamua mwezi Septemba 2013, mtoto wa nje ya ndoa alirithi nusu ya fungu la nduguye wa ndani ya ndoa. Sidai kwamba daftari ndilo linalozuia uzazi. Ninadai kwamba mtafiti asiyelijua hatajua pa kuuliza.

Kuhusu vyanzo, nianze na onyo. Madaftari yenyewe hutafunguliwa, nayo yamefungwa kwa sababu nzuri. Madaftari ya mwaka 1872 yaliwaonyesha, katika baadhi ya maeneo, wazao wa tabaka la watu waliotengwa enzi za kale, ambao kisheria walikuwa wamekombolewa mwaka 1871. Yalifungwa kwa umma mwaka 1968, na mwaka 1975 ikafichuka kwamba makampuni yalikuwa yakinunua kwa siri orodha za vijiji vya watu hao ili yasiwaajiri. Utafanya kazi, basi, kwa sheria, mijadala ya bunge, hukumu za mahakama, takwimu zilizokusanywa kutoka madaftari, na mahojiano na watu waliokubali.

Vyanzo vya kikoloni navyo vinahitaji jicho kali. Kampuni ya Reli ya Manchuria Kusini, kampuni ya Kijapani iliyoundwa mwaka 1906 kwa ajili ya kaskazini-mashariki mwa China, ilikuwa na idara kubwa ya utafiti, na kuanzia mwaka 1940 watafiti wake walihoji wakulima wa vijiji vya China Kaskazini kuhusu ardhi, urithi, mikopo na kodi. Mahojiano yamechapishwa kama yalivyofanyika, swali na jibu, pamoja na jina la aliyehojiwa na la mkalimani, katika majuzuu sita yaliyotoka miaka ya 1950. Hakuna chanzo kingine kinachokaribia hicho kwa undani wa maisha ya vijiji hivyo. Hata hivyo, aliyekuwa akiuliza alikuja chini ya ulinzi wa jeshi lililokuwa likiikalia nchi. Mkulima anapoulizwa ana shamba kiasi gani na mtu aliyeletwa na wenye bunduki, hesabu anayoitoa ina sababu zake. Wewe uliyesoma ripoti za maofisa wa wilaya wa Tanganyika una mazoezi ya kusoma maandishi ya namna hii ambayo wanafunzi wengi wa Tokyo hawana, nami nakusihi uliseme hilo waziwazi katika maombi yako.

Je, unahitaji Kijapani? Ndiyo, bila mzunguko. Vitabu vya Kiingereza vitakufikisha kwenye pendekezo la utafiti, havitakufikisha kwenye tasnifu. Orodha rasmi ya herufi za matumizi ya kawaida ina herufi 2,136, na hati za kabla ya vita zinatumia maumbo ya zamani zaidi na sarufi ya kiofisi iliyokufa. Hati za mkono za karne ya 19 ni mtihani hata kwa Wajapani, ingawa tangu 2021 kuna programu ya simu ya bure iitwayo miwo inayosaidia kuzisoma. Faida ni kwamba Kijapani peke yake kinakufungulia nyaraka za serikali za Korea na Taiwan za enzi ya ukoloni. Hasara iko palepale: utaiona Korea kwa macho ya gavana. Anza Kikorea ukishafika Kijapani cha kati. Miundo ya sentensi inakaribiana sana, nawe hutaanza kutoka sifuri.

Jambo dogo litakaloniokolea uchovu wa kusahihisha kazi yako ni miaka. Hati za Japani huhesabu kwa enzi za wafalme: kwa enzi ya Meiji ongeza 1867, kwa Taisho ongeza 1911, kwa Showa ongeza 1925. Showa 10 ni 1935. Taiwan ya leo inahesabu tangu kuundwa kwa Jamhuri ya China mwaka 1912, uliokuwa pia mwaka wa kwanza wa Taisho, hivyo namba zinafanana na zinaweza kukuchanganya usipotazama hati imetolewa na nani. Aidha, Japani ilianza kutumia kalenda hii yetu tarehe 1 Januari 1873. Tarehe za kabla ya hapo ni za kalenda iliyofuata mwezi mwandamo, na usizigeuze kwa kukisia.

Ukiwa Morogoro unaweza kuanza wiki hii. Kituo cha Japani cha Kumbukumbu za Kihistoria za Asia, kilichofunguliwa mwaka 2001, kinatoa bure mtandaoni picha za nyaraka za serikali, za wizara ya mambo ya nje na za jeshi hadi mwisho wa vita. Maktaba ya Bunge la Japani ina vitabu vingi vya zamani vinavyosomeka bila malipo. Takwimu za sensa ziko wazi katika tovuti ya serikali iitwayo e-Stat. Na kwa upande wa tafiti za dodoso, vyuo vya Japani, Korea Kusini, China na Taiwan vimekuwa vikiuliza maswali ya pamoja tangu mwaka 2006, ambapo mada ya kwanza ilikuwa familia. Dodoso lake la Kiingereza lipo, na takwimu zenyewe huombwa kwa ajili ya masomo. Fanya zoezi moja nazo: chukua swali linalohusu nani aishi na wazazi wazee, ulinganishe majibu ya nchi nne, kisha uandike kurasa tano ukieleza ni kipi katika tofauti hizo unaweza kukihusisha na sheria, na kipi huwezi.

Kama herufi zitakushinda kwa sasa, ipo mada ambayo ina mguu mmoja nyumbani. Katika miaka ya 1930 nguo za pamba za Japani zilijaa madukani kuanzia Mombasa hadi Kampala, kwa kuwa mikataba ya Bonde la Kongo iliwazuia Waingereza kuzitoza ushuru wa kibaguzi katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Japani ilikuwa na ubalozi mdogo Mombasa uliotuma ripoti kuhusu bei, rangi na mapendeleo ya wanunuzi. Upande mmoja wa kisa hicho uko katika nyaraka zetu, kwa Kiingereza na Kiswahili, na upande wa pili uko Tokyo. Wajapani wamekuwa wakitutafiti tangu miaka ya 1960 na hata kufundisha Kiswahili huko Osaka, ilhali sisi tunaowatafiti wao tunahesabika, hivyo mwombaji mwenye mada kama hii huwa anasomwa mara mbili.

Kwa idara, omba ile yenye msimamizi anayefanya kazi na nyaraka na watu kwa pamoja, iwe inaitwa historia, sosholojia au masomo ya Asia Mashariki. Ufadhili wa wizara ya elimu ya Japani kwa wanafunzi watafiti hutangazwa kila mwaka kupitia ubalozi, huwalenga walio chini ya miaka 35, na huwapa wasiojua lugha mafunzo ya miezi sita. Katika pendekezo lako usiandike kwamba utachunguza siri ya maendeleo ya Japani. Andika karatasi moja unayotaka kuifuata, miaka yake, nchi mbili itakamopita, watu unaodhani hawamo ndani yake, na utawatafuta wapi.